Waliocheza Ngoma ya Zimwi

Wahenga walinena kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Methali hii huambiwa mtu anayesita kuwaendea jamaa na majirani wakati wa dhiki. Hutulizwa moyo kwamba mwenye kumfahamu, hata akimdhuru, hatamdhuru kupita kiasi. Ni methali ya faraja. Hata hivyo, anayeitafakari kwa makini hakosi kuona kwamba ndani ya faraja hiyo pana jambo la kutisha. Zimwi halikanushwi. Kuliwa hakukanushwi. Kinachozungumziwa ni kiasi tu cha nyama itakayobaki. Mwanafunzi mmoja wa Kiswahili, mzaliwa wa Gede katika Kaunti ya Kilifi, aliipata maana hiyo ya pili jioni moja ya likizo ya Desemba, akiwa ameketi mekoni kwa nyanya yake.

Mwanafunzi huyo alikuwa na kazi ya somo la fasihi simulizi. Kila mmoja darasani alitakiwa kukusanya ngano moja kutoka kwao, kuinukuu kama ilivyosimuliwa, kisha kuiandika upya kwa ajili ya watoto wa shule za msingi. Sehemu ya kwanza aliifanya likizo ya Agosti, alipomrekodi Hawe, kama Wagiriama wamwitavyo nyanya. Sehemu ya pili aliifanya chuoni. Desemba alirejea nyumbani na mswada uliopigwa chapa vizuri, akiwa na shauku ya kumsomea mwenye ngano mbele ya wajukuu wengine waliokuwa wamekusanyika kwa sikukuu.

Ngano yenyewe ni maarufu katika pwani hii na hata mbali nayo. Wasichana walikwenda ufuoni kuokota simbi. Mmoja wao alipata simbi nzuri kuliko zote, akaiweka juu ya jabali, akaisahau. Walipokuwa njiani kurudi aliikumbuka, akawasihi wenziwe warudi naye. Wakakataa. Akarudi peke yake, huku akiimba ili ajipe moyo. Juu ya jabali lile palikuwa pameketi zimwi. Likamsifu kwa sauti yake, likamwomba asogee aimbe tena, na alipokaribia likamkamata, likamtia ndani ya ngoma, likawamba ngozi juu yake. Tangu siku hiyo zimwi likawa linaalikwa kila mahali. Kila kijiji lilipofika liliombwa lipige ngoma, nalo likaagiza kwanza wali na kuku. Likisha kushiba hupiga. Mtoto huimba ndani. Watu hucheza hadi jogoo la kwanza. Likaenda hivyo kijiji baada ya kijiji, mpaka likafika kwao mtoto. Mama akaitambua sauti. Zimwi likalishwa na kunyweshwa hadi likalala fofofo. Ngoma ikafunguliwa, mtoto akatolewa, na badala yake wakatiwa nyuki, nyoka na siafu. Kulipokucha zimwi likaendelea na safari. Kijiji kilichofuata likaipiga ngoma, isilie. Kwa hasira likaifungua, na huo ukawa mwisho wake.

Katika mswada wa mwanafunzi mambo yalikuwa tofauti kidogo. Zimwi liligeuka jitu la kuchekesha lenye kitambi na meno mawili. Mtoto hakukamatwa, bali alialikwa. Nyuki na nyoka hawakuwapo. Jitu liliomba radhi, likafundishwa kulima, likawa jirani mwema. Aidha, vile vijiji vya katikati viliondolewa vyote, kwa kuwa mwandishi aliona vinarefusha kisa pasipo sababu. Watoto waliokuwa wakisikiliza walicheka sana, na mmoja akaomba asomewe tena.

Hawe hakucheka. Alikuwa amekaribia umri wa miaka tisini, na macho yake yalikuwa yameanza kufanya ukungu, lakini masikio yake yalikuwa mazima.

"Umesoma vizuri, mume wangu," alisema, kwa utani uliozoeleka baina ya nyanya na mjukuu. "Lakini wale waliocheza umewaweka wapi?"

"Wepi, Hawe?"

"Wa vijiji vya katikati. Waliolipa zimwi wali na kuku. Mtoto alikuwa akilia mle ndani, wao wakasema ngoma hii ni tamu."

Mwanafunzi alieleza kwamba watu wale hawakuwa wahusika wakuu, na kwamba kitabu cha watoto kina kurasa chache. Hawe alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasukuma kuni jikoni.

"Hao ndio ngano," alisema. "Zimwi ni zimwi. Hakuna aliyetarajia litende jingine."

Usiku ule mwanafunzi hakupata usingizi wa kutosha. Kwanza alijitetea kimoyomoyo. Kulainisha ngano hakukuwa jambo alilolizua yeye. Mathalani, ndugu wawili wa Ujerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, walipochapisha mkusanyiko wao mnamo 1812, kisa cha Hansel na Gretel kilieleza jinsi wazazi, kwa sababu ya njaa, walivyowapeleka watoto wao msituni na kuwaacha huko. Aliyelitoa shauri hilo alikuwa mama yao mzazi. Katika matoleo ya baadaye mama huyo akageuzwa kuwa mama wa kambo, na mama wa Theluji Nyeupe, yule binti aliyefukuzwa kwa sababu ya uzuri wake, akageuzwa vivyo hivyo. Msomaji wa Ulaya akapumua; uovu ukawa umetolewa ndani ya damu na kupewa mgeni. Hata kisa cha msichana wa kofia nyekundu, kama kilivyochapishwa na Mfaransa Charles Perrault mwaka 1697, kilimalizika mbwamwitu alipokwisha kumla msichana. Hapakutokea mwindaji wa kumwokoa. Huyo aliletwa na wasimulizi wengine. Ikiwa mataifa makubwa yamefanya hivyo, mwanafunzi mmoja wa Gede ana kosa gani?

Lakini utetezi huo ulimgeukia. Wapo wanaoihusisha ngano ya Hansel na Gretel na njaa kuu iliyoikumba Ulaya kati ya 1315 na 1317. Iwe ni njaa hiyo au nyingine, ni dhahiri kwamba ngano ile ilibeba jambo ambalo hakuna mfalme angeliandika katika kumbukumbu zake: kwamba palikuwa na wakati ambapo mzazi alikaa usiku akipima ni nani ale na ni nani asile. Alipobadilishwa mama kuwa mama wa kambo, jambo hilo ndilo lililofutwa. Watoto walibakiwa na mchawi wa nyumba ya mikate, ambaye hakuna aliyepata kumwona.

Asubuhi alikwenda kutembea katika magofu ya Gede, yaliyo mwendo mfupi kutoka kwao. Alikuwa ameyazoea tangu utotoni, wakati walipokuwa wakichezea chini ya mibuyu na kukimbizana na kima. Magofu hayo yalianza kufukuliwa na James Kirkman mwaka 1948, na mwaka 2024 yakaingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Lipo humo kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399 Miladia. Upo msikiti mkuu, lipo jumba la mfalme, vipo visima na vyoo vilivyowashangaza wachimbuaji kwa ustadi wake. Zilipatikana kauri za China na shanga za Venisi. Vyote hivyo hueleza utajiri, na mgeni huondoka akistaajabu.

Siku hiyo mwanafunzi alitazama kitu kingine. Mji huo ulikuwa na kuta mbili. Ndani ya ukuta wa ndani walikaa matajiri, katika nyumba za mawe ya matumbawe. Kati ya ukuta wa ndani na wa nje walikaa watu wengi zaidi, katika nyumba za udongo na makuti. Nyumba za mawe zimesimama hadi leo, ijapokuwa bila mapaa. Za udongo zimerudi kuwa udongo. Hapo ndipo alipoanza kufikiri kwamba dola na ngano ni ndugu wawili waliogawana urithi. Dola imechukua jiwe: nguzo, kaburi, msikiti, ngome na maandishi. Ngano imechukua kisichosimama: sauti ya yule aliyekaa nje ya ukuta, na hofu yake, na aibu yake.

Isitoshe, dola nayo hujisimulia ngano, na ngano zake hulainishwa kabla hazijakauka wino. Waroma walijivunia kwamba mji wao uliasisiwa na pacha waliotupwa mtoni na kunyonyeshwa na mbwamwitu. Waliikumbuka nyonyo ya mbwamwitu kuliko walivyomkumbuka Remus, aliyeuawa na nduguye siku mji ulipoanza kujengwa. Tarihi ya Kilwa husimulia kwamba mtawala wa kwanza kutoka Shiraz aliinunua Kilwa kwa nguo zilizotosha kukizunguka kisiwa kizima. Ni picha ya kupendeza, kisiwa kilichovishwa nguo kama bi harusi. Msimulizi hasemi waliokuwa wakiishi ndani ya mduara ule waliamkaje siku ya pili.

Malindi nayo ina ngano yake ya dola. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walifika China wakiwa na twiga, zawadi kwa mfalme Yongle wa nasaba ya Ming. Watu wa makao ya mfalme hawakuwa wamezoea mnyama wa namna hiyo, wakamfananisha na qilin, mnyama wa ngano zao aaminiwaye kutokea duniani pale tu mtawala anapokuwa mwadilifu. Twiga akapokewa kwa shangwe. Lakini Yongle alikuwa amekinyakua kiti mwaka 1402 kutoka kwa mtoto wa ndugu yake, baada ya vita vya miaka mitatu. Jumba la kifalme liliteketea, na mpwa hakuonekana tena. Wasomi waliokataa kumtambua mtawala mpya waliuawa pamoja na jamaa zao. Basi twiga wa nyika ya Malindi alivuka bahari ili akatoe ushahidi wa uadilifu, katika kesi asiyoijua. Malindi ilipata sifa na biashara. Haikuuliza mpwa yuko wapi.

Mwanafunzi alipofika hapo katika fikra zake alisimama. Alikuwa amekwisha kuona kijiji cha kwanza cha katikati.

Vingine vilifuata kwa urahisi. Aprili 1498 Vasco da Gama alitia nanga Malindi baada ya kupata uhasama Mombasa. Mfalme wa Malindi alimkaribisha kwa karamu, akampa rubani wa kumvusha hadi India. Nguzo ya mawe yenye msalaba ingali imesimama juu ya mwamba, na watalii hupigia picha hapo. Malindi ilikuwa na sababu zake. Mombasa ilikuwa mshindani wake wa siku nyingi, na rafiki mwenye mizinga si wa kukataliwa. Mwaka 1505 Wareno wakiongozwa na Francisco de Almeida waliishambulia Mombasa, wakaipora na kuitia moto. Mfalme wa Mombasa, aliporudi na kuyaona maiti, alimwandikia barua mwenziwe wa Malindi kumweleza maafa yaliyowapata. Barua hiyo ni miongoni mwa maandishi machache ya zama zile yaliyotoka upande wa walioshambuliwa. Malindi ikaisoma. Sauti iliyokuwa ndani ya ngoma ilikuwa ya jirani, katika lugha wanayoijua, na ngoma ikaendelea kuchezwa.

Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Wareno walipoanza kujenga ngome yao kuu mwaka 1593, hawakuijenga Malindi kwa rafiki, bali Mombasa. Ukoo wa kifalme wa Malindi ulihamishiwa huko ukawekwe juu ya kiti chini ya kivuli cha ngome, na Malindi yenyewe ikaanza kufifia. Haukupita muda mrefu ukoo huo ukaonja. Sultani Hasan alikosana na kapteni wa ngome, akakimbilia bara, na mwaka 1614 akauawa huko na watu waliohongwa na Wareno. Kichwa chake kilipelekwa Goa. Waliohongwa walikuwa watu wa bara ya Mombasa, wa vilima ambavyo leo ni nchi ya Wamijikenda, na mwanafunzi alijua kwamba hapo hakuweza tena kusema "wao" kwa wepesi ule wa awali.

Sultani alimwacha mwana mdogo, Yusuf. Mtoto huyo naye alipelekwa Goa, akalelewa na watawa wa Kikatoliki, akabatizwa, akaitwa Jerónimo. Alifundishwa kusema, kuvaa na kusali kama watu waliomwua babake, na alipokomaa akarudishwa Mombasa atawale kwa niaba yao. Msomaji wa ngano hahitaji kuelezwa zaidi. Huyo ni mtoto ndani ya ngoma, aliyewambiwa ngozi juu yake na kuimba kila aliyemshika alipopiga. Inasemekana alianza kuzuru kaburi la babake kwa siri na kusali kama walivyosali wazee wake. Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamwua kapteni.

Hapo ndipo dola na ngano zinapoachana. Katika ngano, ngoma inapofunguliwa nyuki humwuma zimwi peke yake. Mombasa nyuki hawakuchagua. Waliuawa wanaume, wanawake na watoto, Wareno pamoja na Waafrika waliobatizwa ambao hawakutaka kuiacha dini yao mpya. Mwaka uliofuata Yusuf aliiacha Mombasa, akaishia kuwa haramia baharini, na Wareno wakarudi ngomeni. Mtoto aliyetolewa ndani ya ngoma hakurudi kwa mama yake. Ngano hulainisha pia, aliwaza mwanafunzi. Hata ile ya Hawe.

Alirudi nyumbani mchana akiwa na daftari lililojaa. Jioni, watoto walipokwisha kulala, alimweleza Hawe aliyoyawaza: twiga, barua, mwana wa mfalme. Alizungumza kwa ufasaha, kama mtu aliyekwisha kupata alama zake. Hawe alimwacha amalize.

"Hao ni wafalme," alisema. "Mimi nilikuuliza habari za watu."

Kisha akamsimulia jambo ambalo hakuwahi kumsimulia. Ngano ile aliipokea kwa bibi yake mwenyewe, aliyemlea. Bibi huyo alikuwa msichana mdogo wakati wa Mwakisenge, njaa iliyowapiga Wagiriama katikati ya miaka ya 1880. Kwa wakati huo Malindi ilikuwa imefufuka. Tangu 1861, chini ya Sultani Majid wa Zanzibar, wakulima wakubwa walikuwa wamekuja kulima huko mtama na ufuta, na mashamba yalikuwa yakilimwa na watumwa walioletwa kutoka pande za Ziwa Nyasa na kwingineko. Majahazi yalipakia mtama wa Malindi kwenda Arabuni. Nyuma tu ya mashamba hayo, bara, watu walikuwa wakichimba mizizi. Ndipo baadhi ya wazazi walipowaweka watoto wao rehani kwa watu wa pwani ili wapate nafaka, kwa ahadi kwamba wangewakomboa mvua ikinyesha.

Bibi yake Hawe alikuwa na dada mdogo, wa umri wa kubeba kibuyu cha maji tu. Baba yao alimchukua hadi Malindi, kwa mtu aliyejuana naye, ambaye miaka ya neema alikuwa akimwuzia pembe na sandarusi. Hakumpeleka kwa mgeni. Aliona kwamba kwa anayemjua mtoto atakuwa salama. Alirudi na mtama, na familia ikavuka. Mvua iliponyesha na kuvunwa, alirudi kumkomboa mwanawe. Akaambiwa mtoto hayupo; amesafirishwa. Kwa nani na wapi, hakuambiwa. Utumwa katika pwani hii haukuondolewa kisheria hadi 1907, na kufikia hapo yule mtoto, ikiwa aliishi, alikuwa mtu mzima aliyesahau lugha ya kwao.

"Mtama ule bibi yangu aliula," Hawe alisema. "Asingeula asingemzaa mama yangu. Nisingekuwapo mimi, wala baba yako, wala wewe na daftari lako. Kila alipotusimulia zimwi, akifika kwenye vile vijiji alikuwa akienda polepole. Kimoja, kimoja. Sisi watoto tulitaka afike haraka kwa nyuki. Hakuharakisha."

Mwanafunzi hakuandika kitu. Aliyaelewa sasa maneno ya usiku uliotangulia. Katika vijiji vile hawakucheza watu wabaya tu. Walicheza pia watu wenye njaa, na watu walioshukuru kwamba sauti iliyokuwa ndani si ya mtoto wao, na watu waliofikiri kwamba ikiwa wenyeji wa kijiji kilichotangulia walicheza, bila shaka hakuna neno. Dola haziishi kwa mazimwi. Mazimwi ni machache. Dola huishi kwa wali na kuku wa vijiji vya katikati.

Ni kweli kwamba si kila ngoma huchezwa hivyo. Wagiriama wenyewe humkumbuka Mekatilili wa Menza, ambaye mwaka 1913, Waingereza walipotaka vijana wakafanye kazi za serikali na makampuni, alizunguka kijiji baada ya kijiji akicheza kifudu, ngoma ya matanga. Watu walikusanyika kucheza, wakakuta wanaulizwa swali. Husimuliwa kwamba mbele ya maofisa alimleta kuku na vifaranga, akamtaka mmoja wao ajaribu kumchukua kifaranga, na kuku akamdonoa. Alikamatwa, akapelekwa Kisii, akatoroka na kurejea kwa miguu. Mwaka 1914 serikali ililipua Kaya Fungo kwa baruti na kuchoma nyumba nyingi za Wagiriama. Kutoka kijiji kimoja hadi kingine ndivyo lilivyotembea zimwi; na ndivyo alivyotembea Mekatilili, ila yeye aliifungua ngoma kabla watu hawajaanza kucheza.

"Na sasa?" mwanafunzi aliuliza. "Watoto wa leo wana haja gani ya kutishwa, Hawe? Zama hizo zimepita."

Hawe alinyoosha mkono kuelekea giza, upande wa magharibi, na akataja neno moja tu: Shakahola. Hakuna mtu wa Malindi anayehitaji kufafanuliwa. Kuanzia Aprili 2023, katika msitu huo wa Kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu, watoto wengi wakiwa miongoni mwao, na uchunguzi ulionyesha kwamba wengi walikufa kwa njaa. Hawakufa wakati wa ukame wala wa vita. Palikuwa na mtama sokoni. Palikuwa na shule, na barabara, na simu mikononi mwa watu, na baadaye ikasemwa kwamba fununu zilikuwa zimesikika mapema. Hawe alisema kwamba tangu mwaka huo, akisimulia ngano ya zimwi, huongeza kijiji kimoja.

Siku tatu zilizofuata mwanafunzi aliandika upya. Hakuona haja ya kuwatisha watoto kwa damu, wala hakueleza meno ya zimwi. Alirudisha ngozi iliyowambwa. Alirudisha nyuki. Kazi kubwa ilikuwa kwenye vijiji, kwa sababu alitaka kila kimoja kiwe na sababu yake. Katika cha kwanza watu walicheza kwa kuwa hawakusikia vizuri. Katika cha pili walisikia, lakini mwenye ngoma alikuwa mgeni wa heshima, wakaona haya kumwuliza. Katika cha tatu walikuwa na njaa, na zimwi liliwaachia makombo. Katika cha nne mtu mmoja alisema, "Kuna mtoto mle," akaambiwa anyamaze asiharibu sherehe. Alipofika kwa mama aliyeitambua sauti, kalamu ilimwia nzito. Mama aliitambua kwa sababu ilikuwa ya mwanawe. Je, ingekuwa ya mtoto wa jirani?

Jioni ya mwisho kabla ya kurudi chuoni aliwasomea tena. Safari hii watoto hawakucheka sana. Alipofika kijiji cha tatu waliacha kuchezea kuni, na alipofika cha nne msichana mdogo kuliko wote, aliyekuwa amelaza kichwa mapajani mwa Hawe, aliinuka akaketi.

"Kwa nini hawakufungua?" aliuliza.

Mwanafunzi alimtazama Hawe, akitumaini kwamba mwenye ngano angejibu. Hawe alinyamaza, naye akimtazama yeye. Mtoto akarudia swali lake, kwa sauti ya juu zaidi, na watoto wengine nao wakageuka wakawatazama watu wazima, mmoja baada ya mwingine, wakingoja.